Fundo la Mashoto

Mihayo hufunga kwa mkono wa kushoto.
Mshipi hupita tunduni, hurudi,
hujizungusha shingoni mwake mara saba,
na mizunguko yote huelekea upande usio wangu.
Kisha hulitia fundo mdomoni, hulilowesha mate,
ndipo huvuta, taratibu,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.
"Fundo kavu hujiunguza lenyewe," husema,
halafu hurudi kwenye soli za watu.

Kibanda chake kipo Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Gundi, ngozi, redio isiyoshika stesheni,
na juu ya msumari, ndoana zangu.
Alizinoa kwa tupa. Alizivika uzi mwekundu,
ule wa kushonea raba za wanafunzi,
na chini ya kila moja akaacha unywele wa uzi, inchi moja,
donge lining'inie huko, chuma kibaki uchi.
"Samaki mkubwa huonja kwanza. Mwache aonje.
Akitema donge, ndoana inabaki na mdomo."

Donge ni ugali wa dona wa jana, pumba, karanga za kutwanga,
asali ya Sikonge kijiko kimoja.
Viwili huita siafu.
Chubwi ni plagi kuukuu ya pikipiki.

Maji ndiyo tuliyobishania.
Yeye alitaka Kazima: karibu, chini kweupe,
"utapata perege wa kukaanga, na mshipi utarudi nao."
Mimi nilitaka Igombe, upande wa visiki,
miti iliyozamishwa bwawa lilipojaa
na haijapata habari kwamba imekufa.
Penye visiki pana kambare wazee, nilisema.
"Pana na visiki," alisema Mihayo.

Nilikwenda Igombe.
Saa tano usiku vizibo vya soda vikalia kwenye fimbo,
na kitu kikaondoka na mshipi bila haraka,
kama mwenye nyumba.
Nilivuta. Kilivuta. Viganja vilichanika.
Halafu wepesi.
Mtu aliyewahi kuushika wepesi ule
hahitaji kuelezwa, na asiyewahi simwelezi.

Asubuhi nilikuwa na maneno tayari.
Kwenye kahawa, stesheni, kwa kinyozi:
"Fundi viatu amenifungia kamba ya kiatu!"
Watu walicheka. Nami nilicheka.
Jioni mtoto akaniletea ndoana zangu zote
zimefungwa kwenye gazeti, bila salamu.

Masika yakapita, kiangazi kikapita.
Viatu nikapeleka Cheyo, bei mara mbili,
soli zikafunguka wiki ya pili, zikinicheka nazo.
Fundo alilofunga yeye nilidai limefunguka.
Nililofunga mimi, huku kifuani,
sikulilowesha, wala halikufunguka.

Jumamosi moja Kalunde akanunua kambare sokoni,
nusu, upande wa kichwa. Kisu kikagonga chuma.
"Njoo uone," akaniita,
na sauti yake ilikuwa imeshajua.

Kwenye taya, ndoana yenye kutu.
Uzi mwekundu umekuwa rangi ya chai.
Fundo lile lile, limelala upande usio wangu,
halijasogea hata unywele.
Na juu yake shibiri moja ya mshipi,
ncha yake imechambuka kama mswaki wa mti:
kisiki kiliusugua, na kisiki nilikichagua mimi.

Nilikwenda Isevya na taya ndani ya bakuli.
Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikaiweka bakuli mezani, basi.
Mihayo akavaa miwani, akavuta fundo kwa jino,
akahesabu kwa ukucha.
"Sita," akasema. "Siku ile nilikuwa na haraka."
Akalisogeza kando, akatazama miguu yangu.
"Nani kakushonea hivi?
Vua."

Nikakaa pekupeku kwenye kigoda,
yeye akikata uzi, akiutia mdomoni.